Mwanafunzi wa fiziotherapia anayesubiri aambiwe cha kufanya

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya mkoa, mwaka wa 6 kazini sasa. Idarani tupo watatu, na kila mwaka tunapokea wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa mafunzo ya vitendo. Safari hii wako 7. Nadharia wanaijua, ukiwauliza misuli ya bega wanaitaja yote. Lakini nikiitwa wodini dakika 10 tu, nikirudi nakuta mgonjwa amekaa kitandani na mwanafunzi amesimama pembeni na faili mkononi, ananisubiri. Wiki iliyopita mmoja wao, tena mwenye alama nzuri kuliko wote, nilimwachia mgonjwa wa mgongo. Alimfanyia mazoezi yale yale aliyoniona nikimfanyia mgonjwa aliyetangulia. Baada ya miezi michache hawa watapangiwa vituo, wengine hospitali za wilaya ambako watakuwa peke yao. Mwenzangu anasema niwaache, huko watajifunza kwa shida kama sisi tulivyojifunza. Mimi sikubali, lakini foleni ni ndefu na sijui nifanye nini tofauti. Na jambo linaloninyima raha zaidi: nikimwacha mwanafunzi aamue, akakosea, kosa ni la nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili. Aliyenigusa zaidi ni huyo mwenye alama nzuri. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya kile ambacho miaka yote ya chuo imemwonyesha kuwa ni salama: mtazame mkubwa, kisha rudia.

Fikiria alichokiona. Mgonjwa wako wa kwanza aliinuka kwenye benchi la kusubiri, na kabla hajafika mlangoni ulishaona kwamba anageuka mwili mzima, kwamba alijishika paja wakati wa kukaa, kwamba upande mmoja anauogopa. Ukamuuliza analalaje, maumivu yanashuka hadi wapi, choo na mkojo vikoje. Ukamwinamisha mara mbili. Kichwani mwako yalipita mambo manne, ukayakataa matatu, ukabaki na moja. Yote hayo hayakuchukua muda mrefu, na katika yale ya kichwani hukutamka hata neno moja. Kisha ukamlaza kifudifudi, ukamwambia ainue kifua kwa mikono. Mwanafunzi aliona hilo la mwisho tu, kwa sababu ndilo pekee lililoonekana kwa macho. Alipoachiwa mgonjwa wake akarudia alichokiona.

Kazi yetu ina sehemu mbili, mikono na uamuzi. Mikono tunaifundisha vizuri. Uamuzi tunaufanya kimya kimya mbele ya wanafunzi, halafu tunashangaa hawakuupata.

Nakwambia haya nikiwa nimelipia. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa hospitali ya wilaya, peke yangu, chumba kimoja chenye kitanda cha mbao, taa ya kupasha joto na jozi 4 za magongo. Akaja kijana mmoja, fundi ujenzi, na karatasi yenye maneno matatu: maumivu ya mgongo. Nikampa mazoezi niliyofundishwa vizuri kabisa. Alikuja mara mbili kwa wiki, wiki 3, bila nafuu. Nikaongeza mazoezi. Wiki ya 4 alikuja na mama yake, na mama akiwa anamsaidia kuvua shati alisema taratibu, kama anayejisemea, kwamba mwanangu amekwisha, hata mashuka usiku yanalowa. Ndipo nikapitisha vidole kwenye pingili zake, moja baada ya nyingine. Chini kidogo ya mabega pingili moja ilikuwa imechomoza kama fundo la kidole ukikunja ngumi. Nilipoigonga kidogo, aliruka. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgongo wa namna hiyo, unaochomoza na kulegeza miguu, mpasuaji Mwingereza Percivall Pott aliueleza tangu 1779. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusoma, na kwenye mtihani nililijibu swali lake vizuri. Kijana alianza dawa, akapona, akarudi kutembea sawasawa, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kulegea, na zile wiki 3 ni zangu. Nazikumbuka kila ninaposhika mgongo wa mtu.

Elimu nilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba kwenye mtihani swali linaanza na jina la ugonjwa, na kitandani mgonjwa anakuja na neno "mgongo" tu. Hakuna aliyewahi kunikalisha na mgonjwa asiye na jina la ugonjwa, akaniambia: anza wewe.

Kwa hiyo kwanza tuelewane kuhusu kujitegemea kwenyewe. Wanafunzi wengi wanadhani mfiziotherapia anayejitegemea ni yule asiyehitaji tena kuuliza mtu. Wengine wanadhani ni mwenye mbinu nyingi, kwa hiyo wanakimbilia semina za mashine na kuhesabu vyeti. Mwaka 1976 chama cha wafiziotherapia wa Australia kiliondoa kanuni iliyowafunga wanachama wake kutibu kwa barua ya daktari tu. Uhuru ule ulikuja na mzigo: ukimpokea mgonjwa wewe wa kwanza, ni juu yako kumtambua ambaye si wako. Kenya nayo ina sheria yake ya wafiziotherapia ya 2014, iliyounda baraza la taaluma. Huku kwetu Tanzania mgonjwa wa hospitali kwa kawaida bado anafika na barua, na hapo ndipo vijana wanapojidanganya kwamba uamuzi umeshafanywa na mwingine. Barua ya maneno matatu iliyoandikwa na daktari mwenye foleni ya watu wengi haijampima mtu mgongo. Mwanafunzi wako akiwa wilayani, mara nyingi vidole vyake ndivyo vitakuwa vya kwanza kugusa pingili hizo. Barua ipo, lakini wa kwanza ni yeye.

Anayejitegemea, basi, ni mtu anayeweza kuamua, kueleza kwa nini ameamua hivyo, na kujua mpaka wake uko wapi. Kumrudisha mgonjwa kwa daktari siku ya kwanza, akiwa na sababu zilizoandikwa, ni kujitegemea kuliko kumfanyia mazoezi mwezi mzima. Waambie wanafunzi wako hivyo kwa maneno, maana wengi wanaona rufaa kama aibu.

Sasa nije kwa mwenzako. Simlaumu, wengi wetu tulifundishwa hivyo, na wapo walioiva kwa njia hiyo. Lakini kuna kitu hakioni. Uamuzi peke yake haumfundishi mtu. Kinachomfundisha ni kuona uamuzi wake umezaa nini. Kijana akiwa peke yake wilayani, mgonjwa aliyemkosea harudi kumwambia. Nauli ni ngumu, shamba linasubiri, na mara ya tatu bila nafuu anaacha kuja, anakwenda kwa mtu wa kuchua. Kwenye daftari la idara jina lake halionekani tena, na kijana wetu anahesabu kwamba amepona. Anaweza kukaa miaka 10 akirudia kosa moja huku akizidi kujiamini. Shida inafundisha kama kuna mtu wa kukuonyesha ulipokosea.

Hata huko mkoani kwako jambo hili lipo. Mwanafunzi anamwona mgonjwa wa kiharusi Jumanne, Jumatano anapelekwa wodi ya mifupa, wiki inayofuata kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Amegusa wagonjwa 60 na hajui hata mmoja aliishia wapi. Kama utabadilisha jambo moja tu katika yote ninayokuandikia, badilisha hili: kila mwanafunzi awe na wagonjwa 3 walio wake tangu siku ya kwanza hadi wanaruhusiwa, hata kama amehamia sehemu nyingine ya hospitali. Atarudi kuwaona. Atawapima mwanzo na mwisho. Ajue kwamba bibi aliyemfundisha kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa, alitumia sekunde ngapi wiki ya 1 na sekunde ngapi wiki ya 5. Sekunde zisipopungua, mwanafunzi aulizwe kwa nini, na asiachwe aseme "mgonjwa hafanyi mazoezi nyumbani" kabla hajamuuliza bibi mwenyewe nyumba yake ikoje na kiti chake kina kimo gani.

Kuna jambo la malezi yetu pia. Ukimuuliza mwanafunzi "unaonaje?" mbele ya mgonjwa, baada ya wewe kupima, umemtaka kijana wa Kiswahili amtangulie mkubwa wake mbele ya mgeni. Atanyamaza, au atasema "kama ulivyosema, mwalimu." Ni adabu, na adabu hiyo mimi siitaki ife. Badala ya kupigana nayo, badilisha mpangilio. Yeye apime kwanza, wewe usimguse mgonjwa. Atoke nje ya pazia akueleze, mkiwa wawili. Na kabla hajafungua mdomo awe ameandika, kwa sababu mtu akiona uso wako unabadilika atabadilisha jibu katikati ya sentensi, lakini karatasi haibadiliki.

Kwenye karatasi hiyo mimi nataka maswali matatu tu. Nadhani tatizo ni nini, na kama si hilo, ni nini kingine? Jambo gani la hatari lazima nihakikishe kwanza kwamba halipo? Nitajuaje kwamba nimekosea, na lini? Hilo la tatu ndilo linalowatoa jasho, na ndilo linalomtenganisha fundi na mtaalamu. Jibu zuri lina namba na tarehe: "Leo akiinama, ncha za vidole ziko sentimita 35 kutoka sakafuni. Baada ya mara 4, kama hazijashuka na usiku bado anaamka kwa maumivu, nasimamisha mazoezi na kumpima upya." Kijana mwenye sentensi hiyo hawezi kufanya zile wiki 3 nilizofanya mimi.

Kwa lile swali la pili, la hatari, usiwape orodha ya kukariri kurasa 2. Mwanafunzi aliyebanwa na hofu anakumbuka machache, na mgonjwa akianza kulia anakumbuka machache zaidi. Wape makundi yenye kitendo. Mgonjwa wa mgongo aliyeanza kushindwa kukojoa au kuzuia choo, mwenye ganzi sehemu anazokalia, au ambaye miguu yote miwili inalegea, anakwenda kwa daktari sasa hivi, akisindikizwa, hata kama ni saa 9 na nusu na watu wanafunga madaftari. Hapo tunahesabu saa, si siku. Mwenye kupungua uzito, homa, jasho la usiku, maumivu yasiyotulia hata akilala, au aliyewahi kuugua saratani, hafanyiwi zoezi lolote mpaka daktari amwone na uchunguzi ufanyike. Aliyelala muda mrefu kwa mguu uliovunjika, na sasa shavu moja la mguu limevimba, lina joto na linauma, asichuliwe wala asisimamishwe. Damu iliyoganda kwenye mshipa inaweza kung'oka ikaenda mapafuni. Wakiyashika haya mpaka wayaseme usingizini, umeshaokoa watu ambao hutakaa uwaone.

Na wewe ufungue kinywa. Wiki ya kwanza ukiwa unapima, sema unachofikiri kwa sauti, pamoja na shaka zako: "Nilidhani ni nyonga, lakini akizungusha paja hapati maumivu, kwa hiyo narudi kwenye mgongo." Wanafunzi wanadhani sisi tunajua tangu mwanzo. Wakisikia kwamba mwalimu naye anakisia, anajaribu na kukataa, wanaona kuwa kuamua ni kazi inayofanyika hatua kwa hatua. Siku mwanafunzi akiona kitu ambacho wewe hukukiona, mwambie hivyo mbele ya wenzake. Siku hiyo moja utakuwa umewafundisha mengi.

Najua utaniuliza kuhusu foleni. Usifanye haya kwa wagonjwa wote, hutaweza, na ukijaribu Jumatatu asubuhi utakata tamaa kabla ya chai. Chagua wagonjwa 2 kwa siku, foleni ikishapungua, hao ndio wawe wa kuamua. Wengine waende kama kawaida. Wanafunzi 7 wapange wawili wawili, na kundi moja liwe la watatu: mmoja anapima, mwingine anaandika na kutazama, kesho wanabadilishana. Anayetazama mwenzake anaona makosa ambayo asingeyaona kwake, na wanaambiana bila woga kwa sababu wote ni wadogo. Mazungumzo nje ya pazia dakika 5. Jioni dakika 15 za kusoma mafaili yao kwa kalamu nyekundu. Sitakuficha, wiki mbili za kwanza utachelewa, na wagonjwa wengine watanung'unika. Kuanzia wiki ya 4 hivi muda ule unaanza kurudi, kwa kuwa sasa una mikono inayofikiri.

Ukiwa na wiki 8 nao, mbili za kwanza wewe unafanya na kusema kwa sauti. Kisha wao wanapima na kuishia hapo, hawatibu mpaka mmezungumza. Baadaye wanapima, wanaamua, wanatibu, na wewe upo chumba hicho hicho na kazi nyingine mkononi. Wiki za mwisho uko chumba cha pili na mlango wazi. Usiruke hatua kwa sababu mwanafunzi anaongea vizuri. Na usimbakize mtu nyuma kwa sababu ni mpole. Angalia karatasi zake.

Sehemu moja inayosahaulika ni barua. Kijana akiwa wilayani silaha yake kubwa ni barua ya rufaa na simu, na hakuna anayemfundisha vyote viwili. Nimeona barua nyingi zinazosema "Mgonjwa ana maumivu ya mgongo, naomba msaada wako." Barua hiyo inaingia droo. Hebu tuandike upya ya yule kijana wangu: "Mwanaume, miaka 24, fundi ujenzi. Maumivu katikati ya mgongo kwa miezi 3, hayatulii akilala. Amepungua uzito, anatoka jasho usiku. Pingili moja imechomoza, inauma ikigongwa. Nguvu ya miguu 4 kati ya 5, pande zote mbili. Nimesimamisha mazoezi. Naomba apigwe picha na achunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo." Iwe kwa Kiingereza au Kiswahili, barua hiyo daktari hawezi kuipita. Inasema nimeona nini, nina wasiwasi gani, nimefanya nini, nataka nini. Kila mwanafunzi aandike 5 kabla hajaondoka kwako. Simu nayo waifanyie mazoezi: wewe jifanye daktari mwenye haraka, ukate maneno, useme "kwani tatizo nini?", na mwanafunzi ajifunze kukueleza kwa pumzi moja bila kutetemeka wala kukosa adabu. Kijana anayemwogopa daktari atamficha mgonjwa.

Mambo ya kuendesha idara ya mtu mmoja nitayapita haraka, ingawa yanawashtua wengi. Waonyeshe daftari la idara linavyojazwa, jinsi mahitaji yanavyoombwa kwa mganga mfawidhi kabla bajeti haijafungwa, na kwamba chupa ya maji ya lita 1 na nusu ni uzito wa kilo moja na nusu bila kununua chochote. Waambie wazi pia kuhusu kutibu watu majumbani kwa malipo. Kabla ya usajili na leseni, hapana, hata kwa jirani, hata kwa elfu tano ya shukrani.

Sasa kosa ni la nani. Mgonjwa aliyeingia idarani kwenu ni wenu, na mwanafunzi akimgusa anamgusa chini ya jina lako. Mbele ya mgonjwa na hospitali unajibu wewe. Mwanafunzi naye anajibu kwa jambo moja zito: kusema ukweli mara tu anapoona kuna kitu hakikwenda sawa. Ndiyo maana nimekwambia wapime, waandike, kisha wasimame. Unaweza kumpa mtu uamuzi wote kwenye karatasi wiki ya 3, na mikono ukaiachia wiki ya 5. Akikosea kwenye karatasi hakuna aliyeumia, na amejifunza sawasawa. Yapo mambo ambayo hutatoka chumbani hata kama mwanafunzi ni hodari: kumsimamisha mgonjwa wa kiharusi kwa mara ya kwanza, kumgeuza au kumhamisha aliyeumia uti wa mgongo, kifua cha mtoto anayepumua kwa shida, na mguu uliotoka kupasuliwa siku hizo hizo. Mgonjwa aambiwe kwamba huyu ni mwanafunzi na ana haki ya kusema hapana. Wengi wanakubali wakiulizwa kwa heshima. Kosa likitokea, mnasimama, mnamwangalia mgonjwa, mnamwambia, mnaandika kwenye faili, unamweleza mkuu wa idara siku hiyo hiyo. Mwanafunzi akuone ukifanya hivyo bila kumtafuta wa kumtupia lawama. Atakachokiona hapo ndicho atakachofanya akiwa peke yake, pasipo shahidi.

Njia nyingine zipo na kila moja ina upungufu wake. Kuigiza wagonjwa wao kwa wao darasani ni nzuri kwa kujifunza kuuliza na kueleza, lakini bega la mwenzako mzima wa miaka 22 halitakufundisha uzito wa mkono uliopooza, wala jinsi bega hilo linavyoumia ukilivuta kwa kwapa wakati wa kumwinua mgonjwa. Kuwapeleka hospitali za wilaya kwa wiki chache ni bora kuliko vyote ninavyovijua, mradi huko yupo mfiziotherapia wa kukaa nao. Kama hayupo, umewapeleka kuziba pengo la mtumishi, na tumerudi kwenye falsafa ya mwenzako. Semina za mashine zisubiri. Na wakishapangiwa vituo, usiwaachie mkono: kundi la wasapu la wanafunzi wako wa zamani, lenye sheria kali ya kutotaja jina wala kuonyesha sura ya mgonjwa, linaweza kumwokoa kijana Ijumaa jioni.

Kuna mahali barua yangu haitoshi, unahitaji mtu ana kwa ana. Mwanafunzi ambaye umemwonya na bado anapima mgongo bila kuuliza mkojo, anayeandika vipimo ambavyo hakuvifanya, au anayeficha kwamba mgonjwa alianguka mikononi mwake, usimsahihishe peke yako kimya kimya na usimpe alama ya kupita kwa huruma. Mwite mratibu wa mafunzo kutoka chuoni aje aone mwenyewe, na kila tukio liwe na tarehe. Huruma unayompa wewe italipwa na mgonjwa wa wilayani. Mwanafunzi asiyelala, anayekwepa wodi, anayelia chooni baada ya mgonjwa wake kufariki, huyo hana tatizo la fiziotherapia. Kaa naye siku hiyo hiyo, na umsindikize kwa mshauri nasaha au daktari, usimwelekeze tu. Nawe mwenyewe, mwombe mfiziotherapia wa hospitali nyingine unayemwamini aje asubuhi moja akutazame unavyosimamia. Mimi nilifanya hivyo nikiwa na miaka 15 kazini, na nikaambiwa kwamba nilikuwa namkatiza kila mwanafunzi kabla hajamaliza sentensi ya pili. Sikuwa najua.

Mgonjwa yule wa mgongo aliyefanyiwa mazoezi ya mwenzake, kama bado anahudhuria, mwombe mwanafunzi wako ampokee tena, na safari hii aanze upya kabisa, kama hajawahi kumwona. Usimgombeze kwa yaliyopita. Mpe karatasi yenye maswali matatu na dakika 25. Wewe kaa kwenye kiti kilicho pembeni mwa dirisha, na mikono yako uikalie, kwa sababu itataka kuinuka. Akikugeukia, mrudishie macho kwa mgonjwa. Mzunguko ukiisha niandikie, uniambie alichokiona.